Ndani ya Kakakuona

Baada ya filamu ya mende, Fundi aliapa hatashona mnyama mwingine maishani mwake. Yeye alikuwa fundi wa makochi, na makochi yalimtosha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akivivua viti vya watu nguo kuukuu na kuvivika mpya, na hakuna mteja aliyewahi kukalia kazi yake akainuka amenaswa na uzi. Lakini tangu mdogo wake wa kike aingiwe na wazimu wa kutengeneza filamu za madude makubwa yanayobomoa miji, heshima yote hiyo ilikuwa imekwenda na maji. Mtaani siku hizi walimwita Kaka wa Mende.

Mdogo wake huyo, ambaye kila mtu alimwita Dairekta, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, na neno "haiwezekani" halikuwahi kumwingia masikioni. Filamu zake alizitengeneza kwa chochote alichokipata: katoni, rangi zilizobaki kwa watu, taa za kuazima, na mwimbaji fulani aliyewahi kuvuma zamani ambaye simu yake ilikuwa imeacha kulia. Kwenye filamu ya mende alimpata bwana mmoja aliyekuwa akiimba mapenzi enzi za kanda. Bwana yule alikimbizwa na mende mwenye ukubwa wa lori, huku ameshikilia wigi lisimtoke kichwani, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tatizo ni kwamba ilikuwa filamu ya kutisha.

Basi asubuhi moja Dairekta akaingia karakana kwa kaka yake, akasogeza mito ya kochi, akaketi. Aliweka picha moja tu juu ya meza ya kukatia.

"Sishoni," Fundi akasema bila kugeuka.

"Nani kakuambia ushone, kaka? Nimekuletea uangalie tu."

Fundi akaangalia. Ilikuwa picha ya kakakuona, amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyekuja kuomba radhi na hajui aanzie wapi. Mwili mzima magamba. Kila gamba limelalia jingine, hakuna mwanya, hakuna mshono unaoonekana. Fundi akaichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani.

"Huyu alishonwa na nani?" akauliza kwa sauti ya chini, na hapo mdogo wake akajua kazi imekwisha.

Ilimchukua Fundi wiki tano. Alitumia mabaki ya ngozi bandia aliyokuwa ameyarundika nyuma ya karakana tangu miaka hiyo: kahawia, nyeusi iliyopauka, na damu ya mzee. Alikata magamba mia tisa na arobaini, kila moja akalitia sponji nyembamba ndani, akalishona ukingo wa juu tu ili chini libaki huru. Alipolitikisa vazi lile, magamba yaliinuka na kushuka yote kwa pamoja, kama kitu kinachovuta pumzi. Kichwa alikijenga juu ya helmeti ya pikipiki. Mkia aliujaza sponji iliyokatwakatwa, akaufunga mkanda wa kuupitisha mabegani ili mvaaji auburute bila kuvunjika kiuno. Ilikuwa kazi safi, na alijua ni kazi safi, na ilimuuma kwamba ilikuwa inakwenda kuchekwa.

"Nani atacheza safari hii?" mkewe akamuuliza siku moja, anapiga pasi.

"Ati Chiriku."

Pasi ikasimama hewani. "Chiriku yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Mkewe akaichomoa pasi, akaja akasimama mbele yake. Alipokuwa msichana wa shule aliruka ukuta wa bweni kwenda kumtazama Chiriku akiimba na kucheza saa tatu mfululizo, na adhabu aliyopewa, kufyeka nyasi wiki nzima, aliifanya anaimba. Nyimbo za Chiriku zilipigwa kwenye harusi yao. Zilipigwa kila harusi, kila saluni, kila redio iliyokuwa na betri. Kisha zikaacha kupigwa, kimya kimya, na hakuna aliyekumbuka ni lini.

"Mwambie wifi awe na adabu naye," mkewe akasema. "Na wewe pia."

"Mimi nimefanya nini?"

"Bado hujafanya. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Filamu ilipigwa ndani ya ghala la mbao ambalo mwenye ghala alikubali kuwaazima mpaka shehena yake mpya ifike. Humo Dairekta na Mpiga Picha, kijana mpole mwenye shingo ndefu, walikuwa wamejenga mji mzima sakafuni. Majengo marefu yalikuwa maboksi ya friji yaliyopakwa rangi. Maduka yalikuwa maboksi ya dawa. Madirisha yalikuwa karatasi za peremende zilizobandikwa moja moja kwa gundi. Kulikuwa na nguzo za umeme zenye nyaya za uzi, na tangi la maji lililokuwa kopo la maziwa. Hata nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye baraza moja, fulana ndogo kama kucha. Fundi aliinama akazitazama zile fulana kwa muda mrefu. Alikuwa hajui kwamba mdogo wake ana subira kiasi kile.

Chiriku alikuja kwa miguu, saa moja na nusu asubuhi, amebeba kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, wa miaka hamsini na minane, na wigi lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki kwapani. Alianza kumsalimia mlinzi wa getini, akamuuliza habari za nyumbani, akasubiri jibu hasa, ndipo akaingia. Kufikia saa nne alikuwa anajua majina ya watoto wa kila aliyekuwemo ghalani.

Hakuwa malaika. Alitaka apigwe picha upande wa kushoto tu, na akisahau maneno yake alimlaumu aliyeyaandika. Lakini maneno yenyewe, ukweli usemwe, yalistahili kusahauliwa. Alicheza daktari wa wanyama anayegundua kwamba machimbo ya mawe yamemwamsha kakakuona aliyelala chini ya ardhi miaka elfu kumi. Alitakiwa aseme, "Jamani, tumechimba mpaka tumeichokoza dunia!" Mtu mwingine angeyasema maneno hayo huku akimkonyeza mtazamaji, kama kumwambia, hata mimi najua ni upuuzi. Chiriku hakukonyeza. Aliyasema kama mtu anayeleta habari ya msiba.

Fundi aliligundua hilo kutoka juu ya ngazi. Kwa kuwa kakakuona na daktari hawakuweza kupigwa picha pamoja, huyu mkubwa kama jengo na huyu mtu wa kawaida, ilibidi daktari aangalie juu, patupu, ajifanye anamwona. Ili ajue pa kuangalia, Fundi alipandishwa ngazi na kupewa fimbo ya deki yenye mpira wa manjano kwenye ncha. Mpira ule ndio ulikuwa jicho la kakakuona.

"Tayari," Dairekta akasema. "Anza!"

Chiriku akainua uso. Macho yakapanda polepole, kutoka miguu isiyokuwepo, kifua kisichokuwepo, mpaka kwenye mpira. Midomo ikamtetemeka. Kisha katikati ya ile hofu kikaingia kitu kingine, huruma labda, kama vile amemwona mnyama amejeruhiwa. Fundi akahisi uso unamwaka. Alitamani ashuke ngazi amwombe msamaha kwa kumtisha.

"Kata!" Dairekta akapiga kelele. "Kaka, mbona jicho linatikisika?"

"Mkono umeniuma," Fundi akasema uongo.

Siku ya tatu akaja mwandishi wa habari za burudani, msichana mwenye simu mbili na kucha ndefu. Alizunguka mji wa maboksi akipiga picha na kucheka pembeni mwa mdomo, kisha akamkalia Chiriku mbele.

"Dada, ulikuwa unajaza viwanja. Umeshukaje mpaka hapa?"

Chiriku alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa mwandishi kwanza.

"Sijashuka, mwanangu. Kule walinichoka, hapa hawajanichoka bado. Kunywa, ni ya tangawizi."

Kesho yake habari ikatoka ikiwa na kichwa kikubwa: CHIRIKU ANYONYOKA MANYOYA. Dairekta aliificha simu yake, Mpiga Picha akaficha yake, Fundi akajifanya ana shughuli na mkia. Chiriku aliingia na kiti chake saa moja na nusu ileile. Macho yalikuwa mekundu. Aliomba tu skripti, na siku hiyo hakusahau hata neno moja.

Kakakuona mwenyewe alichezwa na mwalimu wa sarakasi, mwanamume mfupi mwenye nguvu za ajabu. Kwa nguvu hakuwa na mpinzani. Alikanyaga, akapiga, akarusha mkono, na mji ukaanza kubomoka sawasawa. Chiriku, akiwa amemaliza sehemu zake, hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake akitazama, kichwa kimeinamia upande mmoja.

"Fundi," akasema siku moja, "huyu mnyama wako anatembea kama anadaiwa ugomvi."

"Si anabomoa mji, dada?"

"Anabomoa kwa sababu hana pa kupita. Ameamka, kakuta watu wamejaza nyumba juu ya kitanda chake. Tazama mikono ulivyomshonea. Mwenye mikono ile hagombani na mtu."

Alikuwa ameishona mikono ile kwa siku nne, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameitazama.

Ilikuwa Jumatano mwalimu wa sarakasi alipoumia. Aliruka juu ya kituo cha mafuta, ambacho kilikuwa makopo ya biskuti, kopo likateleza, na mguu ukageuka na kuelekea kusikofaa. Walimtoa ndani ya vazi analia kama mtoto. Hospitali wakamfunga plasta mpaka gotini, wakamwambia wiki sita. Na mwenye ghala alikuwa amekwishapiga simu: mbao zake zinaingia Jumamosi.

Dairekta akaketi sakafuni, katikati ya barabara ya mji wake, mgongo ameuegemeza kwenye hoteli. Fundi alikuwa hajawahi kumwona amekaa hivyo, hata walipokuwa wadogo.

"Imekwisha," akasema. "Vazi limekatwa kwa mwili wake. Nani mwingine mfupi hivyo mwenye mabega ya kubeba kilo ishirini?"

"Mimi," Chiriku akasema kutoka kwenye kiti chake.

Wote wakageuka.

"Dada, wewe ndiye nyota wetu," Dairekta akasema.

"Nyota amemaliza kazi yake juzi. Sasa hivi nimekaa tu nakunywa chai."

"Humo ndani ni moto. Mwalimu ana miaka thelathini na alikuwa anatoka amelowa chepechepe. Ukianguka je? Nitawaambia nini watu?"

"Utawaambia nilitaka mwenyewe. Miaka kumi na tisa nilicheza jukwaani na nguo za shanga zenye uzito kuliko hilo godoro. Nilicheza na homa, na mimba ya miezi saba, na viatu vya mtu mwingine." Akasimama. "Mwulize Fundi kama litanienea. Yeye ndiye anayejua."

Macho yote yakamwangukia Fundi. Akashika futi yake ya kupimia, akaizungusha kidoleni. Moyoni alikuwa anaogopa, hakuna haja ya kuficha. Lakini pia alikuwa anaikumbuka mikono.

"Litaenea," akasema. "Nipeni mpaka saa nane."

Alimpima nyuma ya pazia la turubai. Alipofika gotini akakuta bandeji nene imekazwa chini ya suruali. Akainua macho.

"Usimwambie mdogo wako," Chiriku akanong'ona.

"Dada, hili goti..."

"Hili goti nalijua kuliko unavyolijua. Likifika mwisho wake litaniambia, na mimi nitakuambia wewe. Tukubaliane hivyo."

Fundi akafikiri, kisha akafanya kile ambacho fundi anaweza kufanya. Alipunguza sponji ya mapaja kupunguza uzito. Chini ya magamba ya mgongoni akatia zipu mbili za kuingiza hewa, zisizoonekana hata ukizitafuta. Gotini akashona pedi iliyokazwa kwa mikanda miwili. Mwishowe akachukua kamba nyembamba ya pazia, akaipitisha ndani ya mkia mpaka kiunoni kwa mvaaji, na ncha nyingine akaifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe.

"Ukiivuta mara moja, uko sawa. Mara mbili, nakutoa, hata kama Dairekta atanilaani."

Chiriku akavua wigi, akalikunja, akamkabidhi. Nywele zake zilikuwa fupi, zimejaa mvi. Kisha akainamisha kichwa, Fundi akamvika.

Hatua za kwanza zilikuwa mbaya. Aliyumba, akagonga benki, akaangusha nguzo tatu za umeme. Mpiga Picha akamtazama Dairekta, Dairekta akatazama dari. Kamba ikavuta mara moja. Kakakuona akarudi mwanzoni mwa barabara, akasimama pale bila kutikisika karibu dakika nzima, kama mtu anayesikiliza muziki chumba cha pili. Kisha akatembea.

Fundi hakupata kuieleza sawasawa baadaye, ingawa alijaribu mara nyingi. Alitembea taratibu, uzito wote ukishuka upande mmoja kabla ya kuhamia mwingine, na magamba yakafuata nyuma ya kila hatua kama wimbi, tik-tik-tik-tik, mpaka ncha ya mkia. Mikono aliikunja kifuani. Kila alipotaka kugeuka alisimama kwanza kidogo, bega likatangulia, kisha kichwa, kisha mwili wote. Alipofika kwenye nyumba yenye fulana zilizoanikwa akainama, pua ikakaribia baraza, akanusa. Hakuivunja. Aliizunguka, na ni katika kuizunguka ndipo mkia wake ukafagia mtaa mzima wa maduka bila yeye kujua. Akageuka kutazama kelele ile, akaona alichokifanya, na mabega yakashuka.

Hakuna aliyesema "kata". Dairekta alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Fundi alitazama mabaki ya makochi ya watu, ngozi aliyoikata kwa mkasi wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuona mshono hata mmoja. Aliona mnyama mkubwa, mwenye huzuni, aliyepotea.

Wakafanya hivyo siku mbili. Dakika kumi ndani, dakika ishirini nje, feni usoni, maji, kitambaa chenye barafu shingoni. Chiriku alitoka kila mara amelowa, uso umevimba kwa joto, na swali lake lilikuwa moja: "Imetoka?" Akiambiwa ndiyo, aliuliza, "Imetoka vizuri, au imetoka tu?"

Ijumaa alasiri ilibaki picha moja. Kakakuona, amepigwa na umeme, anaangukia jengo refu kuliko yote, linamwangukia nalo. Jengo lilikuwa moja, na mapande ya kulijenga tena hayakuwepo. Ilikuwa mara moja au basi.

"Goti linasemaje?" Fundi akanong'ona anapofunga zipu.

"Linasema tufanye haraka."

Dairekta akahesabu. Taa zikawaka na kuzimika mara tatu. Kakakuona akainua kichwa, akapepesuka, akalishika jengo kwa mikono yote miwili kama mtu anayemkumbatia ndugu yake kituoni, na vyote viwili vikaenda chini kwa kishindo. Vumbi la chokaa likapanda mpaka darini. Mpiga Picha akaendelea kupiga. Ilitakiwa mnyama alale pale akivuta pumzi za mwisho, na magamba yatulie moja baada ya jingine.

Magamba yakatulia. Kamba ikalegea mkononi mwa Fundi.

Akasubiri ivute. Haikuvuta. Akahesabu moja, mbili, tatu. Kamera bado inapiga, Dairekta ameinua mkono kuwazuia watu wote, na huyu mama wa watu amelala chini ya boksi la friji hatikisiki. Akiingia sasa, filamu imeharibika, siku zote zile zimekwenda bure. Asipoingia... Aliinua mguu. Aliurudisha. Nne, tano, sita. Saba ikamshinda, akaruka ukingo wa mji wa maboksi.

Palepale kamba ikavuta. Mara moja.

Akaganda, mguu mmoja umening'inia juu ya kituo cha polisi, hapumui.

"Kata!" Dairekta akapiga kelele, na sauti ikamkatika. "Mtoeni! Mtoeni!"

Fundi ndiye aliyefungua helmeti. Chiriku alikuwa macho, chokaa kwenye nyusi.

"Mbona ulikaa kimya kiasi kile?" Fundi akafoka, hakujua kwamba ana hasira mpaka alipofungua mdomo.

"Nilikuwa nakufa," Chiriku akasema. "Hebu na wewe, mtu anakufa unataka akuvutie kamba?"

Hakuweza kusimama. Walimbeba kwenye kiti chake cha kukunja, Fundi upande huu, Mpiga Picha upande ule, na Dairekta, aliyeliona goti lile sasa, alilia waziwazi akimwita mama.

Kabla filamu haijaonyeshwa, Chiriku aliomba jambo moja: jina lake lisiandikwe kwa kakakuona.

"Ndiyo kazi bora kuliko zote ulizofanya!" Dairekta akasema.

"Ndiyo maana. Wakijua ni mimi, watakuwa wananitafuta mimi humo ndani. Waacheni wamwone yeye."

Ilionyeshwa Jumapili mchana katika ukumbi wa shule, viti vya plastiki, madirisha yamezibwa mablanketi. Watu walijaa, na walijaa ili wacheke. Walicheka wigi la daktari. Dunia iliyochokozwa iliwavunja mbavu. Chiriku, aliyeketi mstari wa nyuma na gongo lake la kutembelea, alicheka nao kwa moyo mweupe. Kisha kakakuona akatokea kwenye vumbi, akasimama, akatembea, na kicheko kikaenda kikififia kiti hadi kiti. Aliponusa zile fulana, ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Alipopigwa umeme, mtoto mmoja akasimama juu ya kiti akapiga kelele, "Msimpige! Hajafanya kitu!" na hakuna aliyemcheka.

Mwishoni majina yakapita. Kwenye mstari wa kakakuona paliandikwa: *Mwenyewe.*

Mkewe Fundi hakuinuka. Alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa nguvu.

"Yule ni Chiriku," akasema.

"Ndiyo, yule daktari..."

"Daktari wa nini! Namsema mnyama. Anavyosimama kidogo kabla ya kugeuka, bega linatangulia. Niliruka ukuta kwa ajili ya bega lile. Unafikiri ningelisahau?"

Fundi, ambaye kwa majuma mawili alikuwa ameibana siri ile mpaka kifua kinamuuma, alishusha pumzi tu, akatikisa kichwa kukubali.

Nje, mwandishi mwenye kucha ndefu akamkamata mlangoni. "Nani alikuwa ndani? Niambie, tafadhali. Sijawahi kuona kitu kama kile." Fundi akamtazama. Maneno yalimjaa mdomoni. "Imeandikwa pale," akasema, akapita.

Habari ilitoka gazetini Jumanne. Fundi aliisoma, damu ikamchemka, akamchukua mkewe wakaenda nayo nyumbani kwa Chiriku. Walimkuta sebuleni, mguu juu ya stuli, redio inasema peke yake. Mkewe, aliyekuwa ameandaa maneno njia nzima, alishikwa na bubu mlangoni, akamwamkia mara mbili.

"Soma mwenyewe, dada," Fundi akasema. "Mimi siwezi."

Chiriku akasoma kwa sauti. "'Katika filamu hii Chiriku ameshindwa na mnyama wa sponji. Kakakuona yule ana uhai, ana aibu, ana huzuni. Yeyote aliye ndani yake ni msanii wa kweli, na Chiriku angeketi miguuni pake ajifunze.'" Akairudia kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka stuli ikateleza na machozi yakamtoka.

"Si uende ukamwambie!" Fundi akasema. "Akuombe radhi!"

"Radhi ya nini? Msichana kaniita msanii wa kweli, kwenye gazeti, na hakuna aliyemsukuma. Zamani walikuwa wananisifu kwa sababu wote walikuwa wananisifu." Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya mto wa kiti. "Hii ni yangu."

Simu ikalia. Alikuwa Dairekta, na sauti yake nzito ilisikika mpaka upande wa pili wa meza. Alikuwa amepata ukumbi mwingine, na mnyama mwingine, na alitaka kujua kama goti litakuwa limepona kufikia mwezi wa tatu.

"Mnyama gani?" Chiriku akauliza. "Ana miguu mingapi?... Minane? Minane, mwanangu, mimi nitaitoa wapi?"

Akasikiliza, akiitikia kwa kichwa. Macho yake yakazunguka sebule, yakampita Fundi, yakatua kwa mkewe, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kochi na kikombe ambacho hajakigusa.

"Ngoja kidogo," akaiambia simu, akaifunika kwa kiganja. "Wifi, wewe unajua kucheza?"

Mkewe Fundi akaweka kikombe chini, akasimama.